Ndege wa Saa Nne na Dakika Kumi

Bi Hortense, naomba uniazime sikio, maana nimechoka na sina wa kumwambia, na hapa Le Locle, mji mdogo wa mafundi saa, ukimwambia mmoja umewaambia wote.

Mimi nachora saa za mkononi na mume wangu Armand anazitengeneza, mwaka wa ishirini na sita huu, yeye benchi la dirishani na mimi la ukutani, na si saa za kawaida, ni zile za kumfanya mtu asimame mbele ya kabati aulize hii nayo inasomwaje, na hii ya sasa haina mishale kabisa, ina ndege tu, bawa moja linaonyesha saa na la pili linaonyesha dakika, yote mawili ya gamba la chaza, na Armand ameihangaikia miaka mitatu huku mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka, daktari amesema hautaacha, kwa hiyo tunajua bila kuambizana kwamba hii ndiyo saa yake ya mwisho.

Sasa kosa langu. Wewe ni mtu wa huku, unajua saa huchorwa ikiwa saa nne na dakika kumi, mishale imefunguka sawasawa pande mbili, ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo zinavyokaa madirishani, basi na mimi nikamchora ndege wangu hapo, mabawa wazi, nikayafanya yalingane urefu kwa sababu ndivyo alivyopendeza, nikamchora mara mia na zaidi, na sikuwahi hata siku moja kumchora katika saa nyingine. Mwezi wa pili nikaivaa kuijaribu, na siku hiyo tulikuwa tunamzika shangazi aliyemlea Armand, ibada saa saba na nusu, Armand ametangulia, nikatazama mkononi nikaona saa sita na dakika tano, nikanywa supu yangu taratibu, nikapiga pasi gauni jeusi, kumbe ilikuwa saa saba kamili, nimesoma bawa la dakika nikadhani ni la saa, mimi niliyeyachora.

Nilifika watu wanatoka makaburini. Wifi yangu Lucienne akaniambia mbele za watu, “Wifi, saa mmejaza nyumba nzima, na shangazi umeshindwa kumuwahi?” Armand alikuwa amekaa peke yake kiti cha mbele ibada nzima. Akanitazama, akatazama mkono wangu, akasema, “Theluji, bila shaka.” Nami nikasema ndiyo, theluji, na barabara ilikuwa kavu.

Maonyesho ya saa ya Geneva yamebaki wiki tatu. Wageni wanakuja kuiona, na kila wanapokuja Armand anaisimamisha kwanza, anaipeleka saa nne na dakika kumi, ndipo anawaonyesha, wanaisifu, naye anafurahi, na mimi nawatengenezea kahawa. Nikimwambia haisomeki nitamvunja moyo, nikinyamaza ataaibika mbele ya mafundi wenzake. Nifanye nini?

Mchoraji Mchovu

*

Mchoraji Mchovu, pole kwa mkono wa mumeo, na pole kwa shangazi. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Umechora saa ya kupigwa picha. Mtu anachonga miaka mitatu kwa mkono unaomsaliti, na wewe hukupata robo saa ya kumchora ndege huyo akiwa saa saba mchana? Hilo ni lako, usiisingizie theluji.

Lakini kuna jambo umeliandika mwenyewe na hukulisoma. Marehemu mume wangu alikaa benchi miaka thelathini na nne, na sikumwona hata mara moja akisimamisha saa isiyo na ubovu mbele ya mgeni. Za dirishani husimamishwa, sawa. Fundi aliyeitengeneza hutaka isikike inatembea, atakubandikia sikioni hata kama hutaki. Wako anaisimamisha. Na siku ile ya maziko, nani alitaja theluji kwanza? Alitazama mkono wako, mama, ndipo akakupa uongo wa kutumia.

Anajua. Huenda alijua kabla yako. Mnakula meza moja, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kile kile, halafu unashangaa umechoka.

Kesho baada ya kifungua kinywa iweke mezani ikiwa inatembea, popote ilipofika, umuulize, “Armand, hapa ni saa ngapi?” Usimsaidie kujibu. Kisha mwambie kosa ni la kalamu yako, na kwamba ndiyo sababu ulimwacha peke yake na jeneza la shangazi yake, umwombe radhi. Hilo la pili usiliruke, maana nadhani ndilo linalomuuma.

Halafu bawa la saa likatwe, lipungue theluthi, lisidhaniwe tena kuwa la dakika. Ndege hatapendeza tena hapo saa nne na dakika kumi, na asipendeze. Mkono wa Armand hauwezi kukata, wako unaweza. Shika msumeno wewe, yeye asimame nyuma yako akuonyeshe pa kuanzia na akukaripie ukikosea. Wiki tatu zinawatosha. Na mkifika Geneva iwe inatembea, umwache aibandike sikioni mwa kila mgeni.