Trei ya Pili ya Herufi za Mbao

Jumatatu, 3 Machi
Nina miaka sabini na tisa. Nimezika mashine mbili za chapa, tajiri aliyeninyima kiti, na mke wangu Paulina. Shule niliishia darasa la nne, lakini herufi iliyogeuzwa naisoma kuliko mwalimu. Leo nimepaka mafuta herufi zangu za mbao, kama kila Jumatatu. Binti yangu Koku anazitia kwenye kompyuta kwa kuzipiga picha. Tutazichapia kadi za misa ya kumbukumbu ya mama yake, Jumamosi.

Jumanne, 4 Machi
Koku anasema fonti yetu, yaani herufi zote kwa pamoja, ni kubwa mno. Zipo herufi nene, nyembamba, za maua, zilizoungana. Programu yake ya kupanga kurasa haiibebi nzima. Anaigawa vifonti vidogo. Trei moja, kifonti kimoja. Kompyuta inaitambua herufi kwa nafasi yake kwenye trei. Enzi zangu hatukugawa kitu. Sijapenda.

Jumatano, 5 Machi
Koku kaenda kazini Buswelu. Trei ya pili kaipanga a, b, c, kama ya chekechea. Nikaipanga kifundi: a inayotumika sana karibu na mkono, q kule mwisho. Jirani yangu Mzee Jumanne, fundi cherehani, akachungulia. "Mzee mwenzangu, kazi ya mtoto iache." Nikamwambia akashone suruali zake. Jioni Koku kapiga picha trei zote. Mbao nyeusi, herufi zimegeuka. Hakuona kuwa mpangilio umebadilika.

Alhamisi, 6 Machi
Jina la Paulina limetoka takataka kwenye kompyuta. Koku anadhani kakosea kugawa. Anafuta, anaanza upya. Chakula kimepoa. Mimi najua ni ile trei ya pili. Mabango ya mpira Kirumba nzima niliyapanga mimi, leo niseme nimekosea trei?

Ijumaa, 7 Machi
"Baba, nimeshindwa. Vifonti nimevifuta vyote. Kadi nimepeleka steshenari, watatumia herufi zao."
Nikafungua mdomo. Nikaomba chai.

Jumamosi, 8 Machi
Misa imekwisha. Kadi safi, kama za marehemu yeyote. Mikono yangu ilipougua, Paulina ndiye aliyezipaka mafuta herufi zile. Hakuna hata moja kwenye kadi yake. Koku kanishika mkono kwenye ngazi za kanisa. Sikustahili.
Nimeirudisha trei ya pili a, b, c. Binti yangu hajaigusa tena.
Koku hakukosea. Nikifa kabla sijamwambia, Mzee Jumanne yupo. Aliniona.