Daftari la Mama Nililiweka Juu

Koboko mjini, nyuma ya msikiti
9 Juni 2024

Mpendwa dada Hasifa,

Salamu nyingi kama vumbi letu la mwezi wa pili. Hujambo huko Jeddah? Magoti yako yamepoa? Mimi mdogo wako Wahabu nazidi kuwa mzuri tu. Darasa la sita nililitoroka, lakini kichwa iko. Wenye vyeti ndio wananiletea barua zao niwaandikie.

Mama anakula na kutembea. Ila iko jambo sikukuambia kwa simu.

Tangu azinduke kule kliniki ya Arua, kila alasiri anauliza, "Ladu amefunga mbuzi?" Kwetu hakuna Ladu, na mbuzi hakuna. Akipepeta mchele anavuma wimbo wa kanisa, Mama yetu huyu wa swala tano.

Ladu ni mtoto wa Pasca wa Lurujo, mgonjwa wa kitanda cha kwanza. Mama alikuwa cha pili. Pasca alikuwa na sukari, Mama malaria. Sindano ya sukari akachomwa Mama, akapoa kama mtungi, akalala siku mbili. Dripu ya glukosi ya Mama akatundikiwa Pasca. Saa Pasca alipofumba macho kwa mara ya mwisho, Mama akafumbua yake.

Mwezi uliopita Ladu alikuja kwa ajili ya kesi. Hatukuwahi kumwona. Kabla hajabisha, Mama akasema kutoka chumbani, "Ladu, vua gumbuti, unaleta matope." Yule kijana akatazama miguu yake. Akazivua, akakaa mlangoni, akajibu, "Ndiyo, mama." Na mimi mwenye mdomo kama redio nikaokota gumbuti zile, nikazipanga ukutani.

Wakili wetu Drani anasema nesi Jovia alipaswa kusoma jina, na mwenye kliniki hakupaswa kumwachia mutu mmoja vitanda kumi na tisa. Mwenye kliniki anajibu kosa ni la Jovia peke yake. Ameshamfukuza, na polisi wameshamwita mara mbili.

Sasa sikiliza, usinitukane kwanza. Unajua kila mgonjwa anakwenda na daftari lake, daktari anaandika humo dawa. Pale tuliyapanga mezani moja juu ya jingine kwa kufuata vitanda, la kitanda cha kwanza juu. Nikaona foleni inatambaa, nikachomoa daftari la Mama, nikaliweka juu ya la Pasca. Nikajiona mjanja kuliko Arua nzima. Sikujua Jovia anahesabu vitanda, hasomi majina.

Nilimwambia Drani. Akasema, "Kijana, funga hilo domo mpaka hukumu. Ukisema, umewafungulia wa kliniki mlango wa kuponyokea."

Wewe mwenyewe ulisema aliyefanya hivi afungwe. Na Ladu sasa ananiita ndugu, ananiletea mihogo.

Alhamisi nitasimama mbele ya hakimu na nitasema. Jovia abebe lake, mwenye kliniki lake, mimi langu. Lakini kesho nakwenda Lurujo, Ladu asikie kutoka kwangu kwanza. Naogopa, dada. Neno hilo hujawahi kuliona kwa mkono wangu.

Shangazi Sadiya anakusalimu, pia Nabila na mapacha wake. Mama nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akanitazama kwa upole, akauliza Hasifa ni mtoto wa nani.

Mungu akufunike huko uliko, na akulainishe moyo juu yangu.

Wako akupendaye, hata ukinikataa,
Wahabu