Sketi Yenye Bitana Mbili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia, na lile jino umeling'oa badala ya kulitishia kila siku. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu, na mjukuu wako amerefuka hadi nimeshusha pindo za suruali zake mara mbili mwaka huu. Kabla hujaendelea, Mama, vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe dada akusomee. Siri kwake ni maji kwenye chujio.

Najua umenikasirikia. Tangu arusi ya Bonge hupokei simu zangu, na dada alinieleza ulivyosema mbele ya wageni, kwamba nimepata duka na cherehani tatu, basi nimeota mapembe, hata ndugu yangu kitindamimba simjui. Nililia sana. Nguo zote za arusi ile nilizishona mimi, nikazituma, kisha nikasema nina homa. Sikuwa na homa, Mama. Asubuhi ya safari nilifika kituoni na begi langu, tiketi mkononi. Nikazifikiria saa saba za kukaa ndani ya basi, nikageuza nikarudi nyumbani.

Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nimezaa na bado nikaficha. Huu ni mwaka wa tatu siwezi kuzuia choo.

Ilianza kwa upepo tu, nikawa nasingizia kiti. Halafu siku moja nimeinama nampima mteja kiuno, nikahisi joto likishuka mguuni. Nilimwambia nimesahau chaki, nikajifungia chumba cha nyuma mpaka akachoka kusubiri akaondoka. Tangu siku hiyo nikaacha kula mchana. Nikaacha misiba, nikaacha vikao, nikawa najua kila choo kilichopo kati ya nyumbani na dukani na nani anashika ufunguo wake. Mume wangu nilimkimbia kitandani nikasema anakoroma. Masikini, hakoromi hata kidogo.

Ni yeye aliyenifumania nikifua shuka alfajiri. Nilidhani atashika pua. Aliniuliza tu ni tangu lini, akaisuuza ile shuka pamoja nami, akasema nguo ikichanika mimi huwa siifichi kabatini, huishona. Wiki ile ile akanipeleka hospitali.

Muuguzi niliyemkuta ana sauti ya kuuza samaki, lakini alifunga mlango kwanza ndipo akaanza kuuliza. Mtoto alikuwa na uzito gani? Uchungu ulichukua muda gani? Nilichanika? Choo changu ni kigumu au cha maji? Daktari naye alinipima kwa kidole akiwa na glovu, akaniambia nibane. Nilitamani ardhi inimeze, ila yalikwisha upesi. Akanieleza kwamba msuli unaofunga njia ya choo ulichanika nilipojifungua. Ujana uliushikilia, na sasa umri unakwenda, umelegea. Akasema si laana wala uchafu, na kwamba watu wazima wengi wana ugonjwa huu, wake kwa waume, ila kila mmoja anajiona yuko peke yake.

Na una tiba, Mama. Walinipa daftari niandike ninachokula na ninapokwenda chooni, tukagundua adui yangu ni kahawa. Kila asubuhi baada ya kula nakaa chooni bila haraka. Nina vidonge vya kukaza choo kwa siku za safari. Na kuna zoezi la kubana, vile unavyobana upepo mbele ya wakwe, unahesabu hadi kumi, unaachia, unarudia. Nalifanya nikiwa kwenye cherehani na wateja hawajui kitu. Ikishindikana kuna upasuaji. Huu ni mwezi wa nne. Zamani ilikuwa karibu kila siku, sasa wiki mbili hupita salama. Sikudanganyi kwamba yamekwisha. Juzi tu nililia tena.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mwezi uliopita nilijikatia sketi ya kazini. Nikachagua kitambaa cheusi, nikaweka bitana mbili kwa nyuma, kutoka kiunoni hadi magotini, ili likitokea la kutokea lisipenye. Nilipofika kwenye mkanda mikono ikasimama. Sketi hii naijua. Nimeishona miaka ishirini na saba, kwa vipimo vyako.

Ya kwanza niliishona nikiwa bado mwanafunzi wa ushonaji, mwaka ule ule ulipomzaa Bonge, uchungu wa siku mbili na mtoto mkubwa kama gunia. Kila mwaka unaniagiza maneno yale yale, nyeusi, bitana mbili kwa nyuma. Nilikuuliza, ukasema viti vina baridi. Mimi na dada tukakubandika jina, Bibi Bitana, tukacheka mpaka machozi. Nisamehe, Mama. Fundi mzima, nimeshona siri yako miaka yote hiyo na sikuiona.

Na kuna jingine nililolifungia moyoni. Nilipojifungua hukuja kulala kwangu hata usiku mmoja. Nilisema mama yangu hanipendi. Nimekuwekea kinyongo kwa jambo lile lile lililonirudisha kutoka kituoni. Dada anasema hata arusini ulisimama mlangoni mpaka mwisho, wakadhani ni hasira zako juu yangu.

Kama nimekosea, nitukane, nitapokea. Kama sijakosea, huna haja ya kulitaja. Muuguzi anasema hata wa miaka sabini wanapata nafuu. Nitakuja mwenyewe kukuchukua, tupande gari linalosimama kila mji, viti vya karibu na mlango, wewe na mimi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Bonge umwambie zawadi yake nitaileta kwa mkono.

Nataka kukushonea sketi nyingine. Bitana nitaziweka, usihofu. Niambie tu rangi unayoipenda, maana miaka yote hii sijawahi kukuuliza.

Ni mimi mwanao,
Fundi wako