Nyuma ya Kioo

Atlixco, Puebla
17 Novemba 1974

Mpendwa dada yangu Eulalia,

Salamu nyingi zikufikie huko Chicago, wewe na shemeji Fidencio na watoto. Mgongo wako vipi? Na hiyo baridi unayosema inapita hata kwenye dirisha lililofungwa, mmeizoea au bado mnalala na makoti? Sisi huku wazima. Mama miguu inamsumbua kidogo, lakini maneno yake hayajapungua. Siku ya Marehemu tulimpelekea baba maua ya manjano na mkate wake, naye mama akamsimulia pale kaburini habari zako zote, hata zile ulizotuomba tusizitangaze.

Najua umeandika mara mbili na sijakujibu. Pengine ulidhani nimevimba kichwa tangu wanipe usimamizi. Laiti ingekuwa hivyo. Nimenyamaza kwa aibu, dada, na nakuandikia wewe kwa sababu ulifuma miaka kumi na moja katika banda lile na utanielewa haraka kuliko ninavyotaka.

Ofisi ya Don Anselmo bado iko juu ya ngazi, ila amebomoa ule ukuta wa mbao akaweka kioo kitupu, awaone wafumaji wote bila kushuka. Anakisifu kioo chake kama mtu aliyeoa juzi. Mlango ukifungwa, kelele za mitambo zinakatika kabisa na mnaongea kama watu wa benki. Humo ndimo nilimopewa meza. Nilikuwa napiga taipu ripoti, napokea simu, nabandika kwenye ubao matangazo yasiyosomwa na mtu, na kila mtambo nauandikia kadi yake ya kazi: nyuzi ngapi, upana gani, mita ngapi.

Mwezi wa tisa niliikosea kadi ya Chencha. Kitambaa kilikuwa cha mashuka, nyuzi ishirini na mbili kwa sentimita, nami nikaandika kumi na mbili. Chencha aliona. Nilipopita karibu na mtambo wake aliinua kadi, akaniambia kwa midomo tu, bila sauti, "Shoga, una hakika? Hii si shuka, hii chandarua!"

Don Anselmo alikuwa nyuma yangu, nami nilitaka nionekane msimamizi. Nikamjibu, "Wewe fuma kilichoandikwa."

Akafuma mita mia nne. Mteja wa Veracruz akazirudisha zote.

Don Anselmo aliufunga mlango wa ofisi akaniuliza nani kaharibu. Kadi ilikuwa kwenye mtoto wa meza yangu, kwa mwandiko wangu. Ulimi hauna mfupa, dada. Nilisimama pale nikamtaja Chencha kwa jina lake la ubatizo, "Ni Crescencia, bwana. Kazeeka, macho yamekwisha. Hata kadi anabahatisha tu."

Chencha! Aliyetufundisha kufunga fundo mimi na wewe, mama wa ubatizo wa Ofelia wangu, aliyekwenda mwenyewe kwa Don Anselmo kunisemea nipate cheo hicho. Alibakiza miezi minane apate pensheni. Don Anselmo akasema, "Basi Ijumaa apewe barua yake ya kuachishwa kazi," nami nikakaa nikaipiga taipu. Mistari mitatu. Sikukosea hata herufi moja.

Sasa sikia ujinga wangu. Yote hayo niliyasema nimekiangalia kioo. Nilijiona salama kwa kuwa mlango umefungwa. Miaka kumi na tisa nimesoma midomo katika kelele zile. Tumesengenyana toka mwisho wa banda hadi mwisho, tumecheka suruali za mabwana wakiwa wamesimama katikati yetu hawajui lolote. Kule chini nani aliwahi kuhitaji sauti? Wiki tano za ofisini zikatosha kunisahaulisha.

Nilipotazama chini, vichwa vyote vilikuwa juu. Chencha alikuwa ameuzimisha mtambo wake. Alinitazama, wala si kwa hasira, ningeshukuru kama ingekuwa hasira. Kisha akavuta shali akaziba mdomo. Unajua maana yake kule kwetu, ni kumfungia mtu mlango usoni. Wa pili akaziba, wa tatu akaziba, hadi wote thelathini na kitu. Niliposhuka ngazi, ni Ramona peke yake aliyeteremsha shali yake, akaniambia taratibu kama anayemfundisha mtoto kusoma, "Asante ya punda." Akaziba tena.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano Ofelia alikutana na Chencha sokoni akakimbia kumpokea kikapu kama kawaida yake. Chencha alimbusu kipaji cha uso, akakataa kikapu. Mtoto akarudi kuniuliza, "Mama, umemfanya nini?"

Alhamisi asubuhi niliitoa kadi nikaiweka mbele ya Don Anselmo. Halafu nikamgeuzia kisogo, nikakielekea kioo, nikaanza kusema polepole huku nikifungua mdomo sawasawa.

Don Anselmo akauliza, "We Domitila, unaongea na mimi au unaongea na kioo?"

"Naongea na wote, bwana. Kadi niliandika mimi. Aliniuliza, nikamjibu jeuri. Macho yake ni mazima kuliko yangu. Nilimsingizia."

Ningependa kukwambia nilijisikia mwepesi. Hapana. Nilijisikia kama niliyevuliwa nguo uwanjani siku ya sikukuu. Don Anselmo aliichana ile barua, wala si kwa huruma. Alisema hana muda wa kufundisha mfumaji mwingine. Mimi akanirudisha chini. Nina mtambo namba kumi na nne, na jirani yangu ni Chencha.

Shali wameziteremsha. Wapo wanaonisalimu. Ila maongezi yanapita juu ya kichwa changu, nayasoma yote, nao wanajua nayasoma. Usimwandikie Chencha kunitetea, dada, nakusihi. Nisamehe na wewe pia, maana mjini wanatusema sote, "wale ndugu wawili," na wewe hukufanya lolote.

Siku hizi sibebi chakula. Jana king'ora cha mchana kilipolia nilikaa kwenye kreti langu nikajifanya nasafisha pamba kwenye nguo. Chencha akageuka. Wiki tatu, dada, hajanipa hata neno. Midomo yake ikaniuliza, "Umekula?"

Nikamjibu nimekula. Aibu ilinifanya nidanganye tena. Akaikata tortila yake ya unga wa mahindi na maharagwe vipande viwili, kimoja akakiweka juu ya kreti langu, akarudi kwenye chakula chake. Nilikila chote nimeinamisha uso, mtu asije akasoma midomo yangu.

Mpe shemeji Fidencio mkono wangu, na watoto wabusu mmoja mmoja, mkubwa asikatae. Mama anasema anakubariki kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na uvae soksi. Ofelia anakusalimu. Mungu awe blanketi lako katika nchi hiyo ya barafu.

Mdogo wako akupendaye, ingawa leo anaona haya kuliandika jina lake,

Domitila