Kwa Kaka Yangu Mwenye Nyumba Tatu Tupu

Kaka yangu,

Nakuandikia hadharani, kila mtu asome, kwa sababu simu zangu hupokei.

Unakumbuka tulipovuka kutoka Bukavu na Maman? Shangazi alitupokea Mururu, chumba kimoja, sisi wote. Miguu yako ilikuwa shingoni kwangu, nami nikakufinya mpaka ukalia. Maman alicheka gizani: "Musongeane, batoto, nafasi iko." Baadaye tulifyatua matofali pamoja, mikono ikachubuka, ukaapa kwamba utajenga mpaka asibaki mtu wa kuhangaika na kupanga. Nilikuamini kabisa.

Haya, umejenga. Nyumba tatu hapa Kamembe, vioo na milango ya chuma, na ndani halali hata paka. Wewe uko Kigali. Mimi ndiye unayemtuma kila Jumamosi nifungue madirisha, nimwage maji chooni, jioni niwashe taa ili wezi wadhani kuna watu. Kisha nazima, nafunga, narudi kwenye chumba changu ambamo wanangu wanalala chini ya meza.

Sasa hata hicho chumba, mwenye nyumba ninayempangia anakivunja. Eti anajenga ghorofa! Mwisho wa mwezi tuwe tumetoka. Nilipokuomba nyumba moja tu, ile ndogo ya nyuma, ulinijibu nini? "Nyumba yenye bantu banakaliaka inapoteza bei, petite. Vumilia. Tukijenga manyumba mingi, loyer itashuka yenyewe."

Itashuka lini hiyo kodi? Kila mwaka mabati mapya yanang'aa vilimani, na kila mwaka nasukumwa mbali zaidi na soko. Sisemi watu wasijenge. Nasema nyumba inayojengwa ili ingoje mnunuzi mwenye nyumba nyingine haimsitiri mtu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema, lakini wewe njaa hii uliijua. Ndiyo maana nina hasira nawe zaidi kuliko niliyo nayo kwa huyo anayenifukuza.

Basi usinitumie tena maagizo. Leo nimefungua madirisha, kisha nikaingiza magodoro, sufuria na watoto. Ukitaka kututoa, njoo mwenyewe, usimtume mtu, na uwaeleze majirani mimi ni nani kwako.

Na ufunguo wako uache huko Kigali. Kufuli nimebadilisha. Ukifika, piga hodi.

Ni mimi, dada yako mdogo,
wa nyumba ya nyuma.