Zulia la Upande Wako

Mama wa wanangu,

Uniwie radhi kwa kimya cha miezi mitatu. Paa limezibwa na kuku wanataga.

Gari liliendelea kumaliza maji ya rejeta. Fundi alitandaza magazeti chini ya injini, lakini hadi asubuhi yalikuwa makavu. Ndipo akafunua zulia la upande wako.

"Mzee, kikulacho ki nguoni mwako. Hita, kile kipasha joto kinachotumia maji ya rejeta, inavujia humu ndani. Kwani hukuona unyevu?"

Niliuona. Nilikukaripia mbele ya dada yako kwamba unamwaga maji ya kunywa kama mtoto, nawe ukashuka, ukabaki kwake. Hukumwaga. Nilikosea.

Fundi ananishauri niliuze gari. Nikishaamua nitakuandikia, ila sitaamua kabla hujaniambia kama utalipanda tena.

Mumeo