Kamba ya Mpira Niliyoiachilia

Mama yangu wa pampu na beseni,

Wiki hii nimebandika kiraka kwa mara ya kwanza tangu ulipotuacha. Kilikuwa kiraka kidogo, ukubwa wa ukucha, kwenye boya la mjukuu wako Neema. Nilimnunulia kule Kindu maboya mawili ya rangi ya machungwa, yale ya plastiki yanayojazwa upepo kwa mdomo na kuvaliwa mikononi juu ya viwiko, ili mtoto anayejifunza kuogelea asizame. Tulipofika Kasongo kwa likizo, moja lilikuwa limetoboka njiani kwenye mizigo ya pikipiki. Nikatia maji kwenye beseni, nikalizamisha, nikangoja mapovu yanionyeshe tundu, kama ulivyonifundisha. Kiraka nilikikata kwenye kitambaa cha plastiki cha meza. Nikapaka gundi, na mdomo wangu ukasema wenyewe maneno yako: "Ngoja ikauke kwanza." Hapo nikaacha kazi nikakaa chini.

Nina neno la kukuambia, na nimechelewa kulisema. Naliandika wazi, mbele za watu, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele za watu. Wao hawakujui, kwa hiyo itanibidi nieleze mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Univumilie.

Kwanza alikuwa baba. Kwetu Kasongo, fundi wa kuziba mipira ya magurudumu anaitwa kado. Na neno hilohilo, kwa sauti ileile, ndilo tunaloitia zawadi. Hakuna anayechanganyikiwa. Ukisema unapeleka pikipiki kwa kado unaeleweka, ukisema umepewa kado unaeleweka. Baba alisimika tairi kuukuu kando ya barabara ya Kabambare, hilo ndilo lilikuwa bango lake, na pikipiki zilizotoka Salamabila na Wamaza na magunia yake zilifika pale zikichechemea. Kisha siku moja akavuka Lualaba kufuata samaki wakavu, mtumbwi ukapinduka. Hakujua kuogelea.

Ulipomaliza kilio ulifunga kitenge vizuri kiunoni, ukakaa kwenye kigoda chake. Mwanamke kado! Wapita njia walipunguza mwendo ili wakutazame. Nakumbuka dereva mmoja aliyekataa kukupa gurudumu lake.

"Mama, bwana yako iko wapi? Hii kazi iko ya wanaume."

"Leta mpira," ukamwambia. "Mpira haijuake mwanamuke."

Akaleta. Wiki iliyofuata akarudi mwenyewe, na ya tatu akaleta wenzake.

Lakini usiku na mchana ulikuwa na wazo moja, kwamba mimi nijue kuogelea. "Maji ilishakula mutu moja kwangu," ulisema. "Haitakula wawili." Ukachukua mipira chakavu ya pikipiki, ukaikata vipande virefu vyembamba, ukavisuka vitatu vitatu mpaka ukapata kamba ndefu ya mpira mweusi. Ukajaza upepo mpira mmoja mzima, ukanivika kwapani, ukafunga kamba hapo. Kila Jumapili baada ya misa, kiangazi kizima, tulishuka kwenye kile kijito kinachoingia Lualaba, pale penye mchanga ambapo akina mama hufua. Mimi nilikuwa ndani ya maji nikipiga miguu ovyo. Wewe ulikuwa ukingoni, maji yamekufika kifundo cha mguu tu kwa jinsi ulivyoyaogopa, kamba umeizungusha mara mbili kwenye mkono.

"Niko nakushika," ulisema. Nikigeuka, unasema tena: "Niko nakushika."

Na ulikuwa mjanja, mama. Kila Jumapili ulipunguza upepo kidogo kwenye ule mpira bila kuniambia. Sikujua. Siku ya mwisho ulinivika ngozi tupu ya mpira, laini kama mlenda, nami nikaogelea nikidhani bado nimebebwa. Ulipoinua kamba kunionyesha kwamba ilikuwa imelegea muda wote, nilikasirika kwanza, halafu nikacheka mpaka nikanywa maji. Hivyo ndivyo nilivyojua kuogelea, na sikumbuki kama niliwahi kukuambia asante.

Miaka ikapita, nikaingia sekondari. Hapo ndipo nilipoanza kuona haya. Niliona haya ya mikono yako iliyokuwa myeusi kwenye mikunjo hata ukioga kwa jivu. Niliona haya ya harufu ya gundi kwenye sare yangu. Darasani nilikaa na Solange, binti wa mnunuzi wa dhahabu aliyehamia kutoka Salamabila, na Solange aliponiuliza mama yangu anafanya nini, nilimwambia unauza vitenge sokoni. Nikaongeza na rangi za vitenge. Uongo ukishapata miguu hautaki kukaa.

Wewe hukujua lolote. Mwaka huohuo ukaniambia: "Sasa weye unifundishe miye." Dereva wa lori alikuwa amekuachia mpira wa ndani wa gurudumu kubwa. Uliuziba mahali pengi, ukauandika kwa rangi nyeupe, HAIUZWI, asije mteja akautaka. Ukaufunga kwa ile kamba, ileile, ukanipa ncha, ukaingia kwenye maji na kitenge chako. Jumapili ya kwanza ulilia. Ya pili ulikaa katikati ya mpira umefumba macho na kusali. Ya tatu uliinua miguu, kitenge kikajaa upepo kama chapati kwenye mafuta, ukacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba alipokuwa hai. "Faida, unashika?" Nikajibu, "Niko nakushika." Nilikuwa nashika kweli. Nataka hilo pia liandikwe.

Jumapili ya nne alikuja Solange.

Niliwasikia kabla sijawaona, yeye na wasichana wengine wawili wa darasa letu, wakishuka njia ya mchangani. Solange alikuwa amebeba boya la duara, la manjano, lenye shingo na kichwa cha bata mbele. "Bue yangu ilitoka Bukavu," alikuwa anawaambia. Wewe ulikuwa umenipa mgongo, ndani ya mpira wa lori wenye viraka, ukijifunza kupiga miguu. Mama, mkono wangu ulifunguka. Sitasema kamba iliteleza. Niliiweka chini mchangani, nikapiga hatua nne, nikakaa juu ya jiwe nikaanza kunawa miguu kama mtu aliyekuja kunawa miguu.

"Faida," Solange akaniuliza, "ule mama mwenye iko mu tairi, ni nani?"

"Ule? Ule ni kado tu."

Wakacheka. Nami nikacheka, na kicheko changu ndicho kilikuwa kirefu zaidi.

Ukahisi unasogea. Ukavuta kamba, na kamba ikakujia yote mkononi, bila uzito, mpaka ncha. Ukaitazama ile ncha. Kisha ukageuka ukaniona nilipokaa, na ukawaona wasichana. Maji yalikuwa yanakupeleka taratibu kuelekea kule kijito kinapoingia mto mkubwa, mto uliomchukua baba, na wewe ulikuwa hujui kuogelea. Ungeita tu. "Faida, mwanangu!" Hiyo ilitosha. Lakini ungeniita, Solange angejua. Hukuniita. Uliiachia kamba ielee, ukashika mpira kwa mikono miwili ukafunga mdomo.

Mimi, niliyejua kuogelea kwa jasho lako, sikuinuka. Aliyeinuka ni Mama Zaina, jirani yetu aliyekuwa akifua shuka hatua chache kutoka pale. Aliingia na nguo zake zote, akaishika ile kamba iliyoelea, akakuvuta mpaka mchangani huku akimtaja Mungu. Solange akauliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna shida, twendeni tukachezee boya kule juu.

Jioni ulinikuta nyuma ya nyumba. Nilitegemea fimbo. Ningeipenda hiyo fimbo, nakuambia kweli.

"Ule mutoto alikuuliza nini?"

"Aliuliza weye ni nani."

"Ukamuambia?"

"Nikamuambia kado."

Lile "tu" nililimeza. Ukafuta mikono kwenye kitambaa. Halafu ukatabasamu. "Kado," ukasema. "Mutoto wangu anasema miye ni kado yake."

Kesho yake ulimsimulia mteja wa kwanza. Jumapili ukawasimulia akina mama wa kanisa. "Binti yangu aliulizwa mbele ya wenzake, mama huyu ni nani," ulisema, "akajibu bila kusita: ni kado!" Ukalisimulia kwenye ndoa ya mjomba, kwenye ubatizo, nilipopata diploma. Watu walipiga makofi. Wazazi walininyooshea kidole wakiwaambia watoto wao: muone Faida, njo mutoto mwenye heshima. Nami nilisimama pale, nikainamisha kichwa, wakadhani ni adabu. Nilivalishwa nguo ya sifa nisiyoishona, na sikuivua. Kila uliposimulia nilijiambia nitakuambia ukweli jioni. Ilikuwa rahisi kungoja, maana ulionekana unafurahi.

Lakini kuna jambo nililiona nikajifanya sikuliona. Wiki ileile uliutoa upepo ule mpira wa lori. Ukachukua kisu, ukaukata vipande vya kufungia mizigo, hata lile neno HAIUZWI likakatika katikati. Hukurudi majini tena. Walipokuuliza kuhusu kuogelea ulisema umri umepita. Mtu aliyefurahi hakati mpira wake, mama. Nilijua. Nilijua nikaendelea kula sifa.

Ulipougua nilikuja kutoka Kindu. Nilikaa pembeni ya kitanda chako siku tisa. Nikakuosha mikono, ile mikunjo bado myeusi. Mara tatu nilifungua kinywa, na mara tatu nikakuuliza kama unataka uji.

Kwenye kilio chako, akina mama walipoanza kusimulia habari ya kado, Mama Zaina alinyanyuka akatoka nje. Nikamfuata. Amezeeka, macho yake hayaoni mbali, lakini alinitazama mpaka nikaangalia chini.

"Nilisikia siku ile," akaniambia. "Nilikuwa karibu kuliko ule rafiki yako. Ulisema kado tu."

Akanisogelea.

"Nilimuambia mama yako palepale kwa mchanga, nikiwa nakamua kitenge yake. Nikasema, mutoto wako amekukana, amesema kado tu. Akanishika mukono kwa nguvu. Akasema: 'Ile tu, weye njo uliisikia. Miye sikuisikia. Nawe usiisikie tena.' Basi sikuisikia, mpaka leo."

Kwa hiyo ulijua. Ulijua kabla nguo zako hazijakauka. Ulipokuja kuniuliza nyuma ya nyumba ulikuwa unanipa nafasi, na nilipotoa nusu ya neno, ukaichukua nusu hiyo ukaitengeneza, kama ulivyotengeneza kila kitu kilicholetwa kwako kimetoboka. Miaka yote ile ya kusimulia, ulikuwa unabandika. Nami nilikaa nikidhani nakuficha wewe ukweli, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unanificha mimi kwa watu.

Nimeona haya sana, mama. Haya ya kukuangusha, na haya nyingine iliyo kubwa zaidi, ya kupendwa hivyo wakati sikustahili. Sijui mtu anafanya nini na haya ya namna hiyo. Haifuliki.

Jana boya la Neema lilikuwa limekauka, halivuji. Kwenye sanduku lako la kazi, chini ya vipande na chupa ya gundi iliyoganda, nilikuta kamba. Mpira wake umepasuka kidogo kwenye ncha, lakini bado inavutika. Nikamfunga Neema kiunoni, maboya yake akiwa nayo mikononi, tukashuka kijitoni. Akina mama walikuwa wanafua. Baadhi ni mabinti wa wale waliokuwa wanafua siku ile.

"Mama, hii kamba nani aliisuka?" Neema akauliza, maji yamemfika kifuani.

"Mama yangu."

"Alikuwa anatumika kazi gani?"

"Alikuwa kado."

Mtoto yule bado mdogo, anajua maana moja tu ya neno, ile ya zawadi. Akafikiri kidogo.

"Kado ya nani?"

Wanawake waliacha kufua, wakanitazama. Ikabidi nianze mara mbili.

"Yangu," nikasema. Nikasema kwa sauti, wasikie hadi wale wa mwisho. "Alikuwa kado yangu."

Lala salama, mama. Sikuombi unisamehe, maana ulishanisamehe kabla sijaomba, na ndiyo maana sipati usingizi. Nakuambia tu kwamba Neema anapiga miguu vizuri, mguu wa kulia una nguvu kama wako, na Jumapili ijayo nitaanza kupunguza upepo bila yeye kujua. Kamba nimeizungusha mara mbili kwenye mkono.

Mimi,
mtoto wa kado